Kabla hujarudisha faili: marejeo yanayowasumbua waandishi wa tasnifu Unguja na Pemba

Kila mwaka, wiki mbili kabla ya kukabidhi tasnifu, hunijia mwanafunzi mwenye uso wa msiba. Sura zote tano ziko tayari, kilichobaki ni "marejeo tu". Ukimuuliza nukuu ya ukurasa wa arubaini kaitoa wapi, anajibu: "Kwenye faili moja, kule Kilimani." Faili lipi? Lilikuwa na ganda la kahawia. Siwezi kumcheka. Mimi mwenyewe niliwahi kunakili barua nzima ya enzi za ukoloni kwa penseli, neno kwa neno, nikasahau kuandika namba ya faili. Nikarudi kulitafuta siku tatu, tena katikati ya Ramadhani, wapi! Barua ile sikuitumia mpaka leo.

Kwa hiyo kabla ya kujifunza programu yoyote ya kupanga marejeo, zoea jambo moja: anuani kwanza, habari baadaye. Ukiwa Nyaraka za Taifa, huko huko Kilimani, faili likifika mezani andika namba yake yote, herufi na tarakimu, kabla hujafungua ukurasa wa kwanza. Majalada ya sekretarieti ya Waingereza, kwa mfano, yana herufi AB mbele. Ukiziacha, tarakimu zilizobaki hazikusaidii kitu. Kisha kwa kila waraka andika nani kamwandikia nani, tarehe gani, na namba ya karatasi ndani ya faili ikiwa ipo. Kichwa cha faili si kichwa cha barua. Faili linaloitwa "Karafuu" huweza kuwa na malalamiko ya mtu kuhusu kisima. Ukiruhusiwa kupiga picha, picha ya kwanza iwe ya ganda.

Majina yetu nayo ni mtihani. Mitindo ya marejeo tunayofundishwa imewajengea nyumba watu wenye majina ya ukoo. Sisi wengi tuna jina letu, la baba na la babu. Ndiyo maana Said Ahmed Mohamed na Mohamed Suleiman Mohamed, wote waandishi wa riwaya wa Kizanzibari, hujikuta kwenye orodha wakiwa "Mohamed, S. A." na "Mohamed, M. S.", na ndani ya matini wote wanakuwa Mohamed. Mtindo wa APA (wa chama cha wanasaikolojia cha Marekani) una dawa yake: wakigongana, tanguliza herufi za majina yao hata ndani ya matini. Lakini zipo idara zinazotaka jina liandikwe zima, kwa mpangilio tunaoitana nao, na mimi niko upande wao. Muulize msimamizi wako mapema. Kugeuza majina mia moja na ishirini usiku mmoja si kazi ya kumtakia mtu.

Siti binti Saad, mwimbaji wetu wa taarab, ndiye anayeonewa kuliko wote. Kumwandika "Saad, S." ni kumpa baba yake sifa za nyimbo asizoziimba. Mweke chini ya Siti. Na kama wimbo umeusikia YouTube, kumbuka una miaka miwili: mwaka aliorekodi (santuri zake za mwanzo zilitoka Bombay, 1928) na mwaka ambao mtu fulani aliupandisha mtandaoni. Nimesoma kazi ambayo Siti aliimba mwaka 2014.

Sayyida Salme, binti wa Sultani Said, ana tatizo la namna nyengine. Kumbukumbu zake zilitoka kwa Kijerumani mwaka 1886, kwa jina la Emily Ruete. Rejea inafuata jina lililo juu ya kitabu, hivyo ni Ruete. Habari ya kwamba ndiye Salme wetu ieleze ndani ya matini. Kama ulichosoma ni tafsiri, taja tafsiri hiyo na mfasiri wake, kisha utaje mwaka wa kitabu cha asili. Usijifanye umesoma Kijerumani. Vivyo hivyo kwa kitabu ulichokikuta kimenukuliwa ndani ya kitabu cha mwengine: sema umekipata kwa huyo wa pili, si aibu.

Taasisi hubadilisha majina. TUKI (Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili) ilikuja kuwa TATAKI (Taasisi ya Taaluma za Kiswahili) mwaka 2009, kwa hiyo kamusi ya 1981 ni ya TUKI, na usimsahihishe marehemu. Katiba ya Zanzibar ni ya 1984, lakini ukitaja Makamu wa Kwanza wa Rais bila kusema unatumia toleo lenye marekebisho ya 2010, msomaji atatafuta cheo hicho kwenye nakala ya zamani na kumkuta Waziri Kiongozi.

Barua za hati ya Kiarabu zina tarehe ya Hijria. Iache kama ilivyo, ya Miladi iweke pembeni. Mwaka mmoja wa Hijria kwa kawaida hugusa miaka miwili ya Miladi (500 ilianza 1106 ikaishia 1107), basi bila mwezi andika yote miwili.

Shairi lililokujia WhatsApp likiwa "limesambazwa mara nyingi" si chanzo. Ni fununu ya chanzo. Fuata uzi mpaka umpate mwenyewe au mtu aliyelisikia kwake.

Mwisho kuna wazee, na hapa matayarisho yanaanza kabla hujapanda boti ya Mkoani, Pemba. APA haiyahesabu mahojiano ya utafiti wako mwenyewe kuwa mawasiliano binafsi: maneno ya mhojiwa unayanukuu moja kwa moja ndani ya matini, hayaingii kwenye orodha. Idara nyingine hutaka jedwali la wahojiwa mwishoni mwa kazi. Kwa hali zote mbili ondoka na jina, umri wa makisio, shehia, na tarehe ya mazungumzo. Muulize kwa adabu: "Babu, nikuandike jina gani?" Huenda kijiji kizima kinamjua kwa lakabu tu, na huenda hataki jina lake litoke kabisa, akikataa, mpe alama, na ufunguo wa alama hizo uuweke mbali na daftari la kazi. Mwambie ajisemee jina lake mwanzo wa kila rikodi, pamoja na siku. La sivyo, ukishafika Unguja una sauti sita kwenye simu, zote zinaanza na kikohozi na "haya, tuendelee", hutajua ipi ya Konde na ipi ya Wete.