SOMO: Kukagua na kuboresha maktaba ya sekondari kabla hujaomba hata shilingi

Walimu wenzangu, salaam. Somo hili ni la wale waliokabidhiwa maktaba juu ya mzigo wao wa vipindi. Wengi wenu si wakutubi, mlipewa funguo kwenye kikao cha walimu na mambo yakaishia hapo.

Msimamo wangu niuseme mapema. Maktaba nyingi za shule zetu shida yake ya kwanza ni kufuli, vitabu ni shida ya pili. Vitabu vipo ofisini kwa mwalimu wa taaluma, vipo kwenye maboksi ambayo hayajafunguliwa, au vimo kwenye chumba kinachofunguliwa saa ambazo wanafunzi wote wako darasani. Ukianza kwa kuomba vitabu vingine, utakuwa umeongeza tu vya kufungia.

1. Hesabu kabla hujahamisha hata meza

Chagua wiki mbili za kawaida, si za mitihani wala za kufunga shule. Weka daftari mlangoni lenye safu nne: saa, kidato, amefuata nini, amekipata? Jina si lazima. Ukidai majina, kuna wanafunzi watapita mbali na mlango wako. Kiranja wa maktaba asimamie kalamu isipotee.

Safu ya nne ndiyo yenye faida kubwa. Ukiona "Kemia kidato cha 3, sijapata" inajirudia ukurasa baada ya ukurasa, orodha yako ya manunuzi imeshajiandika, na mkuu wa shule hawezi kusema umeitoa kichwani.

Sambamba na daftari, hesabu vichwa mara chache kwa siku: mapumziko ya chai, baada ya kengele ya mwisho, na wakati wa prepo kama shule ni ya bweni. Wale wanaosoma madaftari yao wenyewe nao wahesabu. Wamefuata meza na utulivu ambao nyumbani au bwenini haupo, na hiyo nayo ni huduma.

Kuhusu viwango: mwongozo wa IFLA (shirikisho la kimataifa la vyama vya maktaba) na UNESCO wa 2002 ulitaja vitabu 10 kwa kila mwanafunzi, na hata shule ndogo kabisa iwe na vitabu na nyenzo zisizopungua 2,500, asilimia 60 ziwe zinaendana na mtaala. Kwa shule ya wanafunzi 800 hiyo ni vitabu 8,000, najua mnacheka. Takwimu hizo zipelekeni kwenye bodi ya shule. Kwa kazi ya kila siku tumieni hesabu nyepesi: idadi ya vitabu vilivyoazimwa muhula mzima, gawanya kwa idadi ya wanafunzi. Ukipata chini ya 1, basi hata kitabu kimoja kimoja hakijawafikia wote, hata kama rafu zimejaa hadi darini.

2. Ipime rejista kwa pande mbili

Huna haja ya kuhesabu kitabu kimoja kimoja. Chukua rejista ya vitabu vinavyoingia, chagua mistari 50 huku na huku, kisha nenda rafuni ukavitafute vitabu hivyo. Halafu geuza: toa vitabu 50 rafuni bila kuchagua, vitafute kwenye rejista.

Zoezi la kwanza linakuonyesha upotevu. La pili linakuonyesha vitabu vilivyoingia bila kuandikwa, mara nyingi vya msaada au vilivyoletwa katikati ya mwaka mwalimu mhusika akiwa safarini. Shule nyingi hupiga kelele kuhusu la kwanza tu, kumbe la pili ndilo baya zaidi: kitabu kisicho na nambari wala muhuri hakiwezi kudaiwa kwa mtu yeyote.

Mkiwa hapo, angalia kurasa za kuazimisha. Kama mstari wa mwisho una tarehe ya mwaka juzi, umeshapata ripoti nusu.

3. Toa kisichofaa

Hapa ndipo walimu wengi hugoma. Rafu iliyojaa hupendeza siku ya mkaguzi, lakini mwanafunzi anayetafuta Fizikia katikati ya vitabu vya uhasibu vya nchi nyingine hukata tamaa upesi. Gawa mafungu matatu: kinachobaki, kinachokwenda kushonwa au kugundishwa, kinachoondoka.

Atlasi na ensaiklopidia zina njia ya haraka ya kujua umri bila hata kutazama tarehe ya kuchapwa. Fungua ramani ya Afrika. Ukikuta Zaire, ni ya kabla ya Mei 1997. Kama Sudan Kusini haipo, ni ya kabla ya 2011. Kwenye ukurasa wa sayari, Pluto ikiwa bado ya tisa, imechapwa kabla ya 2006 au haikusahihishwa. Mwanafunzi wa Jiografia asiachiwe kitu hicho bila onyo. Mwalimu wa Historia anaweza kukitaka, mpe.

Vitabu vya kiada vya mtaala wa zamani visiondoke vyote kwa pamoja. Mitaala iliyoboreshwa ilianza kutumika Januari 2024 kwa awamu, kwa hiyo kuna madarasa bado yanamalizia ya zamani. Na moyo wa binadamu una vyumba vinne katika mtaala wowote. Bakiza nakala chache za rejea, punguza rundo.

Angalizo kwa shule za serikali: kitabu chenye muhuri ni mali ya umma. Hakichomwi nyuma ya jiko wala hakiuzwi kwa muuza karanga. Andika orodha, mpe mkuu wa shule, naye aipeleke halmashauri ili vifutwe kwa utaratibu. Wakati mnasubiri, vitoeni rafuni, vifungwe vizuri na kuwekwa stoo.

4. Chumba

Keti kwenye kiti cha mwanafunzi saa tisa alasiri, dakika ishirini hivi, ukisoma kitu. Utajua mwenyewe jua linapigia wapi, kiti kipi kinayumba, na kelele za uwanjani zinaingilia dirisha lipi. Meza zisogee karibu na madirisha, rafu zirudi upande wa kivuli, maana jua hubabua migongo ya vitabu na kukausha gundi. Usizibe dirisha kwa rafu hata kama nafasi ni finyu.

Rafu isiguse ukuta, iache upana wa kiganja hewa ipite nawe uone nyuma yake. Meza ya kuazimisha ikae mlangoni, na karibu nayo sehemu ya kuacha mabegi. Hadithi na magazeti viwe vya kwanza kuonekana mtu akiingia, vingine vikionyesha jalada badala ya mgongo.

Mpangilio wa vitabu: chini ya vitabu 2,000, rangi moja kwa kila somo inatosha, ikiwekwa chini ya mgongo kwa kimo kilekile na kufunikwa kwa selotepu. Mkizidi hapo, ingieni kwenye Dewey, mfumo wa kupanga vitabu kwa nambari za masomo, kidogokidogo: 510 Hisabati, 530 Fizikia, 540 Kemia, 570 Biolojia, 967.8 historia ya Tanzania.

5. Saa na kuazimisha

Hapa ndipo kufuli lilipo. Mwalimu hafungui kwa sababu anajua kitabu kikipotea ataulizwa yeye, na pengine atalipa yeye. Kumhimiza awe na moyo hakusaidii. Kinachosaidia ni kikao kimoja na mkuu wa shule, na muhtasari ulioandikwa: upotevu wa kiasi fulani kwa mwaka utahesabiwa kuwa uchakavu wa kawaida, na unaozidi hapo ndio utakaochunguzwa. Kiasi chenyewe mkubaliane wenyewe. Bila karatasi hiyo, hatua zote nilizotaja juu zitakupa chumba kizuri kilichofungwa.

Kisha ongezeni kuazimisha kwa usiku. Kitabu chenye nakala chache kinatoka baada ya kengele ya mwisho, kinarudi kabla ya kipindi cha kwanza. Mchana kipo maktabani kwa wote, usiku kina mtu. Viranja wanne wanaopokezana wanaweza kuiendesha kazi hiyo, mwalimu akihakiki daftari kila Ijumaa.

Muhula unaofuata, rudisheni daftari la mlangoni kwa wiki mbili, safu zilezile, mlinganishe.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwalimu wa Kata, Masasi: Sisi hatuna chumba kabisa, madarasa yenyewe hayatoshi. Tuanzie wapi?

*Jibu:* Kabati moja lenye magurudumu au sanduku la mbao kwa kila mkondo, na ratiba ya kubadilishana kila mwezi. Daftari la kuazima likae ndani ya sanduku. Ukiwa na rekodi ya mwaka mzima, ombi lako la chumba litakuwa na uzito.

Mama Vitabu: Mchwa wametumaliza. Tumepulizia dawa, wanarudi.

*Jibu:* Tafuta njia zao za udongo ukutani, hasa pembeni na chini ya fremu za milango. Ukizivunja na kesho ukazikuta zimejengwa upya, kiota bado kiko hai na dawa ya juujuu haitafika. Hapo aitwe fundi wa kutibu udongo. Rafu za chuma zinasaidia, ila kama zinagusa ukuta mchwa watapanda ukuta. Rafu ya chini kabisa iacheni tupu.

Kipanga: Dewey inasema hadithi za Kiswahili ziende 896.392. Wanafunzi hawaelewi kitu.

*Jibu:* Nambari ni sahihi, lakini shuleni andika HADITHI kwa herufi kubwa, panga kwa jina la mwisho la mwandishi. Melvil Dewey alitoa mfumo wake 1876 akiwa Marekani, hakuwa akiwaza kidato cha kwanza wa Kigoma.

Mzee wa Chaki: Mimi napinga hatua ya tatu. Shule haina vitabu halafu tunavitoa?

*Jibu:* Mzee wangu, hoja yako naielewa. Fanya jaribio: chagua rafu moja tu, punguza, acha nyingine kama zilivyo. Hesabu maazimo ya rafu zote mbili muhula mmoja. Yasipoongezeka, rudisha ulivyotoa.

ICT Kibaha: Tufunge programu ya Koha?

*Jibu:* Koha, programu ya kuorodhesha na kuazimisha vitabu, ni ya bure na ni nzuri, ila inahitaji mtu wa kuitunza. Akihama kituo, imekufa. Anza na jedwali la kawaida la kompyuta. Kwa kusoma, maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania ina vitabu vya kiada, na pasipo intaneti kuna Kiwix na Kolibri, programu za kusomea vitabu na masomo yaliyopakuliwa, zinazofanya kazi kwenye kompyuta moja bila bando.

Bibie wa Pwani: Kuna wafadhili wanataka kutuletea kontena la vitabu. Tukubali?

*Jibu:* Omba orodha ya majina na miaka ya kuchapwa kabla havijapakiwa. Nawe watumie yako, ile iliyotoka kwenye safu ya nne. Wakisema hawawezi kuchagua, waombe rafu, meza au taa za sola.

Dada Mkutubi: Likizo niwaazimishe? Nyumbani kuna wadogo zao wanachana.

*Jibu:* Waazimishe, likizo ndiyo wakati pekee wenye nafasi ya kumaliza hadithi. Vitabu viwili kwa mtu, mzazi asaini, kila kitabu kipewe jalada la karatasi ya kaki. Kidato cha nne tu ndio warudishe vyote kabla ya mtihani wa mwisho, na fomu yao ya kukabidhi mali za shule isisainiwe mpaka jina lao lifutwe kwenye daftari lako.