Kompyuta Iliyokwama Katikati ya Kupandishwa Toleo: Namna ya Kuiokoa Bila Kupoteza Mafaili

Tangu tarehe 14 Oktoba 2025, siku ambayo Microsoft ilihitimisha huduma ya kawaida kwa Windows 10, kompyuta nyingi za maofisini, shuleni na madukani hapa Mwanza zimekuwa zikipandishwa kwenda Windows 11, na si zote zinazofika salama. Nyingine hufanya kazi kwa muda mrefu, kisha hutangaza kwamba zinaondoa mabadiliko na kurudi Windows 10. Nyingine huganda kwenye asilimia ileile bila kusonga. Na chache hubaki na kioo cheusi. Kwa zote hizo, ushauri unaotolewa upesi kwenye meza za mafundi, kuanzia Makoroboi hadi Buzuruga, ni kufuta diski na kupiga Windows upya. Mwongozo huu unamsihi msomaji aichukulie hatua hiyo kuwa ya mwisho kabisa, kwa sababu mara nyingi mafaili yake bado yapo mahali pake, na mashine yenyewe imekwisha kuandika ni kitu gani kilichoikwamisha.

Hakikisha kwanza kwamba imekwama kweli

Kompyuta yenye diski ya kuzunguka, hasa ile yenye RAM ya GB 4, inaweza kukaa kwenye asilimia ileile kwa saa nzima au zaidi huku ikiendelea na kazi. Tazama taa ndogo ya diski: ikiwa inapepesa, hata kwa kusuasua, iache iendelee. Ikiwa taa imezimika moja kwa moja na saa tatu au nne zimepita bila badiliko lolote kwenye kioo, chomoa vifaa vyote vya nje, kisha ushikilie kitufe cha kuwashia kwa takriban sekunde 10 mpaka izime. Ikiwashwa tena, aghalabu huendelea pale ilipoishia au hurudi yenyewe kwenye mfumo wa zamani, kwa kuwa usakinishaji wa Windows umepangwa kwa hatua zinazoweza kurudishwa nyuma.

Umeme unastahili kutajwa mapema, kwa sababu kwetu kandokando ya ziwa ndio unaovuruga kazi hii kuliko kitu kingine. Watu wengi hupandisha toleo usiku ili watumie bando la usiku ambalo bei yake ni nafuu, wakaiacha kompyuta ikifanya kazi wamelala. Lakini ngurumo na radi za Ziwa Victoria hupiga sana usiku wa manane kuelekea alfajiri, na kompyuta ya mezani isiyo na UPS, yaani kifaa chenye betri kinachoishikilia umeme ukikatika, ikizimika wakati mfumo unaandikwa kwenye diski, uharibifu wake unaweza kuwa mkubwa. Ni bora kuzitenganisha kazi hizi mbili: pakua faili la usakinishaji usiku, ambalo huzidi GB 5, kisha ufanye usakinishaji mchana ukiwa macho, kompyuta mpakato ikiwa na betri iliyojaa na chaja ikiwa imechomekwa.

Msimbo wa hitilafu ndio unaoelekeza tiba

Kompyuta iliyorudi Windows 10 huonyesha msimbo unaoanza na 0x. Upige picha kwa simu kabla ya kufunga dirisha. Kwa anayeishi Ukerewe au Sengerema na fundi wake yuko mjini, picha hiyo ikitumwa kwa WhatsApp inaweza kumwokolea nauli na siku nzima ya kazi, maana misimbo mingi hutatuliwa palepale mashine ilipo.

Msimbo 0x80070070 maana yake ni kwamba nafasi ya diski haitoshi. Hakikisha diski C ina walau GB 20 zilizo wazi, na mimi hushauri 30. Usianze kufuta ovyo. Hamishia video na picha kwenye diski ya nje, kisha utumie zana ya Windows yenyewe ya kusafisha diski ili iondoe mafaili ya muda. Msimbo 0x800F0922 mara nyingi huhusu ile sehemu ndogo ya diski iliyotengwa kwa ajili ya kuwashia mfumo, ambayo imejaa, ingawa pia hujitokeza pale mtandao unapokatika au VPN, yaani programu inayopitisha intaneti yako kwenye seva nyingine, inapokuwa imewashwa. Zima VPN na ujaribu tena kabla ya kugusa mgawanyo wa diski. 0xC1900208 huonyesha kwamba kuna programu isiyopatana na mfumo mpya, na 0xC1900107 kwamba mabaki ya jaribio lililopita bado yanasubiri kuondolewa, jambo ambalo kwa kawaida humalizwa kwa kuzima na kuwasha upya.

Msimbo unaosumbua zaidi ni 0xC1900101. Huu karibu kila mara hutokana na draiva, yaani programu ndogo inayouwezesha mfumo kuwasiliana na kifaa fulani. Baada yake hufuata msimbo wa pili, kama vile 0x20017 au 0x30018, na tarakimu ya kwanza baada ya x huonyesha hatua ambayo kazi ilikatikia: 1 ni maandalizi ndani ya mfumo wa zamani, 2 ni hatua ya kati ambapo mfumo mdogo wa muda ndio unaoendesha mashine, 3 ni kuwaka kwa mara ya kwanza kwa mfumo mpya, na 4 ni kuwaka kwa mara ya pili. Fundi anayejua hatua hiyo hapotezi muda kutafuta tatizo la nafasi ya diski ilhali kazi ilikatikia kwenye draiva.

Mfano mmoja utalifafanua jambo hili. Kompyuta ya mezani ya ghala moja la dagaa, si mbali na soko la Mwaloni, Kirumba, ilikuwa ikirudi Windows 10 kila ilipopandishwa, na kila mara ilionyesha 0xC1900101 – 0x30018, msimbo unaosema kwamba draiva ya kifaa fulani imeacha kuitikia. Nyuma yake zilikuwa zimechomekwa printa ya risiti na modemu ya USB ya miaka mingi, ambayo haikuwa tena na laini ndani yake, lakini programu yake bado ilijiwasha kila asubuhi. Aidha, kulikuwa na kingavirusi iliyokwisha leseni. Tuliondoa programu ya modemu na ile kingavirusi kupitia orodha ya programu, tukachomoa kila kitu isipokuwa kibodi, kipanya na waya wa kioo, tukaiwasha upya, na usakinishaji ukapita bila kugusa hata safu moja ya hesabu za mzigo. Printa ilirudishwa mwishoni ikiwa na draiva mpya kutoka kwa mtengenezaji wake.

Anayetaka uthibitisho badala ya kukisia afungue folda iliyofichwa C:\$WINDOWS.~BT, aingie Sources na kisha Panther au Rollback, alisome faili linaloitwa setuperr.log. Lina maneno mengi yasiyomhusu, lakini mistari ya mwisho mara nyingi hutaja kifaa au faili lililokwamisha kazi. Microsoft pia hutoa bure programu ndogo iitwayo SetupDiag, inayosoma kumbukumbu hizo kwa niaba yako na kuandika jibu kwenye faili la SetupDiagResults.log.

Iwapo msimbo unaashiria mafaili ya mfumo yaliyoharibika, kama 0x80073712, fungua dirisha la amri kwa mamlaka ya msimamizi na uandike amri mbili kwa mpangilio huu: kwanza DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth, ambayo hukarabati hifadhi ya mafaili ya mfumo na kwa kawaida huhitaji intaneti, kisha sfc /scannow, ambayo hutumia hifadhi hiyo kurekebisha mafaili yenyewe. Anayetanguliza ya pili mara nyingi hulazimika kuirudia.

Kuna chanzo kingine ambacho watu hukipuuza: faili la usakinishaji lililopita mikononi mwa wengi kwa njia ya flashi. Faili likiwa na kasoro ndogo tu, usakinishaji unaweza kukatika mahali pasipoeleweka, na lililochezewa linaweza kuja na virusi. Pakua kutoka tovuti ya Microsoft, na hata hivyo ulihakiki kwa PowerShell, dirisha la amri lililomo ndani ya Windows, kwa amri iitwayo Get-FileHash, ukilinganisha matokeo yake na herufi na tarakimu zilizochapishwa kwenye ukurasa uleule wa kupakulia. Ikitofautiana hata herufi moja, lifute faili hilo na upakue upya.

Pale ambapo mashine haikustahili kupandishwa

Kompyuta nyingi zinazouzwa mjini ni zilizotumika nje ya nchi, na baadhi yake hazikidhi masharti ya Windows 11: RAM ya GB 4, diski ya GB 64, chipu ya usalama ya TPM 2.0, uwezo wa Secure Boot (kinga inayozuia programu zisizothibitishwa wakati wa kuwaka), na prosesa iliyomo kwenye orodha ya Microsoft, ambayo kwa Intel kwa kiasi kikubwa huanzia kizazi cha 8. Kizazi husomeka kwenye jina: i5-6300U ni cha 6, i5-8250U ni cha 8. Andika tpm.msc kwenye kisanduku cha kutafutia ili uone kama TPM ipo na imewashwa, na msinfo32 ili uone hali ya Secure Boot. Wakati mwingine TPM ipo ila imezimwa kwenye BIOS, yaani mipangilio ya msingi ya mashine kabla Windows haijawaka, na kuiwasha kunatosha.

Ikiwa prosesa ni ya zamani, zipo njia za kuulazimisha usakinishaji upite, na wapo wanaozitoza fedha. Kwa mashine ya biashara, ya zahanati au ya shule, sizishauri hata kidogo, kwa sababu Microsoft haitoi hakikisho la masasisho kwa kompyuta zisizokidhi masharti. Ni heri kujiandikisha kwenye mpango wa nyongeza wa masasisho ya usalama ya Windows 10, ambao kwa watumiaji binafsi unafikia tarehe 13 Oktoba 2026, au kuhamia Linux Mint au Ubuntu, mifumo ya bure inayochukua nafasi ya Windows, ikiwa kazi yenyewe ni kuandika, kuvinjari na kutuma barua pepe.

Kompyuta isiyowaka kabisa

Iwashe na kuizima kwa kitufe mara mbili au tatu kabla mfumo haujamaliza kuwaka. Kwa kawaida itaingia yenyewe kwenye mazingira ya ukarabati, yenye kioo cha buluu na machaguo machache. Isipoingia, tengeneza flashi ya usakinishaji ya GB 8 au zaidi kwenye kompyuta nyingine kwa kutumia Media Creation Tool, uiwashie nayo, na uchague ukarabati badala ya usakinishaji. Hapa unaweza kuombwa ufunguo wenye tarakimu 48 wa BitLocker, kufuli la Windows linalosimba mafaili ya diski. Kwa kompyuta ya mtu binafsi, ufunguo huo kwa kawaida umehifadhiwa kwenye akaunti ya Microsoft iliyotumiwa kuianzisha mashine. Kwa kompyuta ya ofisi, muulize mtu wa TEHAMA. Bila ufunguo huo mafaili hayafunguki, na fundi anayedai anaweza kuupita asiaminiwe.

Ukishaingia, jambo la kwanza ni kuokoa mafaili, na ukarabati uje baadaye. Chomeka diski ya nje, chagua dirisha la amri, andika notepad na ubonyeze kitufe cha kuingiza. Ndani ya Notepad, fungua menyu ya faili, chagua kufungua, na ubadilishe aina ya faili ili yote yaonekane. Dirisha hilo dogo linakuruhusu kuipita diski nzima, kubonyeza kwa kitufe cha kulia cha kipanya, kunakili folda na kuibandika kwenye diski ya nje. Fahamu kwamba herufi za diski hubadilika katika mazingira haya, hivyo folda ya Users iliyokuwa C huenda ukaikuta D. Folda kubwa huchukua muda bila kuonyesha maendeleo yoyote. Subiri, kisha ufungue mafaili mawili matatu kwenye kompyuta nyingine kuhakikisha yamehama kweli.

Nakala zikiwa salama, jaribu kwanza chaguo la kurudi kwenye toleo lililotangulia, kisha kuondoa sasisho la mwisho, kisha ukarabati wa kuwaka. Vyote vikishindwa na mashine ni ya aina ya UEFI (mfumo mpya wa kuwashia uliochukua nafasi ya BIOS ya zamani), amri ya bcdboot ikifuatwa na njia ya folda ya Windows, kwa mfano bcdboot D:\Windows, huandika upya mafaili ya kuwashia. Ikiwa hata hiyo haikusaidia, pima afya ya diski kabla ya kusakinisha chochote, kwa sababu kusakinisha mfumo mpya juu ya diski inayokufa ni kuahirisha tatizo hilohilo kwa wiki chache. Diski ikiwa nzima, hapo kufuta na kupiga Windows upya kunakuwa na sababu.

Baada ya kufanikiwa

Windows 11 huihifadhi folda ya Windows.old, yenye mfumo wako wa zamani, kwa siku 10, na ndani ya siku hizo unaweza kurudi Windows 10 kupitia mipangilio ya urejeshaji. Usikubali ifutwe mapema kwa ajili ya kupata nafasi. Zitumie siku hizo kujaribu kazi halisi: toa risiti kwenye printa, fungua programu ya hesabu, unganisha projekta, chapisha barua. Kinachogoma siku ya pili kinarekebishika, au mfumo unarudishwa nyuma kwa dakika chache. Kinachogunduliwa wiki ya tatu hakina tena njia hiyo.