Kuitayarisha kwadi kupita majini na kwenye tope

Injini ya kwadi, yaani pikipiki ya magurudumu manne, haiogopi kulowa. Imwagie maji nje na itaendelea kunguruma. Inachoogopa ni kuyanywa. Chukua injini ya pistoni moja yenye cc 500 na mgandamizo wa 10 kwa 1: pistoni ikifika juu kabisa, nafasi inayobaki ni kama cc 55, yaani chini ya vijiko vinne vya chakula. Hewa hubanwa ikatoshea humo, maji hayabaniki. Yakiingia zaidi ya hapo pistoni inakwama ghafla huku krenki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, bado ina kasi, na kinachopinda ni konrodi, fimbo inayoviunganisha viwili hivyo. Ndiyo maana kazi yote ya kuitayarisha kwadi kwa maji huanza na swali moja: inapumua wapi?

Matundu yake

Kwadi nyingi za kazi, zenye gia za mkanda (mkanda wa raba unaozunguka kwenye puli mbili), zina njia tatu kubwa za hewa: ya kuingia kwenye injini, ya kuingia kwenye kasha la mkanda, na ya kutoka kwenye kasha hilo. Za michezo, zenye mnyororo na gia za kukanyaga, hazina kasha la mkanda, kwa hiyo kazi yake ni ndogo. Ekzosi usiisumbukie sana. Injini ikiwa hai husukuma maji nje. Tatizo lake ni pale injini inapozima ndani ya maji.

Baada ya hizo kuna mipira myembamba ya kupumulia: ya diferensho (kasha la gia linalogawa nguvu kwa magurudumu) ya mbele, ya nyuma, ya gia, ya tangi la mafuta, na ya kabureta kama ipo. Hii ndiyo husahaulika, nayo huharibu kimyakimya. Diferensho ikiwa ya moto, hewa iliyo ndani imetanuka. Ukiichovya ghafla kwenye maji baridi, hewa hiyo inanywea na kuvuta chochote kilicho jirani. Mpira wa kupumulia ukiwa umezama au umezibwa na tope, maji huvutwa kupitia mpira huo au kwenye midomo ya sili za ekseli, mipira inayozuia oili isivuje. Oili huharibika bila wewe kusikia chochote, mpaka siku beringi zinapoanza kulia.

Kiwanda huweka kikomo cha kina cha maji kwenye kitabu cha mwongozo, na mara nyingi hakizidi usawa wa sehemu ya kukanyagia. Kama hupiti zaidi ya hapo, huhitaji mabomba yoyote ya kuyapandisha matundu ya hewa juu. Rudishia vizuri mipira ya kupumulia, paka grisi mdomo wa boksi la chujio la hewa, na usonge mbele. Wengi wanaofunga mabomba marefu wangetosheka na hayo.

Boksi la chujio kwanza

Bomba refu juu ya boksi linalovuja ni pambo. Toa kifuniko, angalia ufito wa mpira pembeni mwake: ukiwa umekauka, umepasuka au umelala, badilisha. Pitisha kitambaa cheupe ndani ya bomba lililo baada ya chujio. Kikitoka na vumbi, hewa inapita pembeni mwa chujio, na palipopita vumbi maji yatapita pia. Chini ya boksi kuna kijimpira cha kutolea maji. Hakikisha hakijachanika na kifuniko chake kimebana.

Chujio la sponji lioshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni. Petroli hulegeza gundi ya maungio yake, tena ni hatari ya moto. Libinye bila kulisokota, maana likisokotwa linachanika kwenye mshono. Likikauka kabisa lipake oili ya chujio, ulibinye mpaka rangi ienee sawasawa, kisha paka grisi kidogo ukingo wake unaokaa kwenye boksi.

Kufunga mabomba

Pima kipenyo cha ndani cha kila tundu la awali. Bomba jipya lisiwe jembamba kuliko hapo. Kwa kwadi nyingi bomba la plastiki la milimita 50 linatosha pande zote tatu, lakini injini kubwa huweza kuhitaji nene zaidi upande wa chujio. Kona kali hupunguza hewa, kwa hiyo pale penye nafasi tumia kona mbili za nyuzi 45 badala ya moja ya nyuzi 90.

Panga kila kitu kikiwa kikavu kwanza, bila gundi. Peleka mabomba mpaka usawa wa usukani, kisha kata usukani kushoto mpaka mwisho na kulia mpaka mwisho. Bomba linalogusa usukani ni ajali inayosubiri kona. Chora mstari kwa kalamu ukivuka kila ungio, ili wakati wa gundi, unaoenda mbio, ujue pembe yake bila kukisia. Yale maungio usiyoyafikia kwa mkono yagandishe kwa gundi ya mabomba. Mengine yaunge kwa soketi za mpira na klipu za chuma, maana utahitaji kuyafungua siku ya kubadilisha mkanda. Sehemu inayoshika kwenye injini lazima iwe ya mpira: injini inatikisika, na plastiki ngumu itapasuka shingoni. Weka nafasi ya kutosha na ekzosi. Plastiki ya mabomba ya maji huanza kulainika kabla hata maji hayajafikia kuchemka.

Bomba linalotoa hewa ya kasha la mkanda ligeuze lielekee nyuma, mbali na yale mawili yanayovuta. Ukiyapanga yote matatu pamoja kwa ajili ya sura, kasha litavuta tena joto lake lenyewe, na mkanda hufa kwa joto. Vichwa vya mabomba viangalie chini au nyuma ili mvua na tope la tairi visiingie.

Sasa jaribio ambalo halirukwi. Washa injini ikiwa kwenye nyutro, mzunguko wa chini, kisha ziba kichwa cha bomba la injini kwa kiganja. Inapaswa kuzima ndani ya sekunde chache. Ikiendelea kunguruma, inapata hewa mahali pengine. Tafuta hapo mahali kabla hujaona maji: mara nyingi ni kifuniko cha boksi au klipu iliyolegea.

Kwadi ya kabureta huweza kubadilika tabia baada ya kazi hii, kwa sababu mvuto wa hewa umebadilika. Ikisita unapokamua mafuta, au plagi ikitoka nyeusi yenye masizi, mchanganyiko una mafuta mengi na jeti, vile vitundu vya kupimia mafuta ndani ya kabureta, zinahitaji kurekebishwa.

Mipira myembamba ya kupumulia iongeze kwa mpira wa mafuta wenye tundu la milimita 6 hivi, uifunge kwenye nguzo ya usukani, na kila mmoja uweke kichujio kidogo kichwani. Usiipinde ikajibana, mpira uliojibana ni sawa na uliozibwa.

Umeme hauhitaji maajabu. Fungua viungio vya waya kimoja kimoja, vipulize vikauke, vijaze grisi isiyopitisha umeme, rudisha. Kofia ya plagi nayo ipake kwa ndani.

Tairi, na bei yake kwa mkanda

Namba kama 25x8-12 maana yake ni kimo cha inchi 25, upana inchi 8, rimu inchi 12. Ukitoka inchi 25 kwenda 28 umeongeza kipenyo kwa asilimia 12, na gia yako imekuwa ndefu kwa kiasi hichohicho. Injini inasukuma mzigo mzito zaidi, mkanda unateleza kwenye puli, unapata moto, unang’aa ubavuni na hatimaye kukatika. Harufu ya raba iliyoungua ndiyo onyo la kwanza. Ukivuka inchi mbili juu ya tairi za kiwanda, badilisha pia springi na vizito vya klachi, na kwenye tope tumia gia ya chini kila mara. Kutumia gia ya juu kwa mwendo wa kutambaa ndiko kunakoua mikanda kuliko maji yenyewe.

Upepo wa kawaida ni psi (pauni kwa inchi ya mraba) 5 hadi 7. Geji ya tairi za gari haisomi vizuri huko chini. Tafuta inayoishia psi 15 au pungufu. Kwenye tope unaweza kushusha kidogo tairi itandaze miguu, lakini chini ya psi 4 midomo ya tairi huanza kuchomoka kwenye rimu unapokata kona.

Kuna jambo ambalo mabomba hayalitatui. Tairi nne za kimo cha inchi 25 hubeba hewa nyingi kiasi kwamba, zikizama zote, zinaweza kuelea na takriban nusu ya uzito wa kwadi ya kilo 330. Uzito wa kushika ardhi unapungua palepale mkondo unapopata ubavu mkubwa wa kusukuma. Bomba la juu linakuhakikishia injini inayopumua juu ya kwadi iliyopinduka. Kwa maji yanayokwenda kasi, kipimo ni goti lako ukiwa umesimama. Yakizidi hapo, tafuta njia nyingine.

Kuvuka

Simama kabla ya maji, acha diferensho na breki zipoe dakika chache. Vuka kwanza kwa miguu ukiwa na fimbo: mawe, mashimo, na hasa mahali pa kutokea. Kutokea ndiko kugumu, kwa sababu ukingo huwa wa utelezi na tairi zimelowa. Tumia kivuko kilichokwishakanyagwa na ukivuke moja kwa moja. Kuendesha ukifuata mkondo kunavuruga kitanda cha mto na viumbe wake.

Weka gia ya chini na magurudumu manne kabla ya kuingia. Inuka kidogo, magoti yamelegea, ingia polepole, kisha shika mafuta hayohayo mpaka ng’ambo. Ukikamua sana unarusha maji juu ya mabomba; ukiachia, mawimbi uliyosukuma yanarudi kukufunika. Miguu ibaki kwenye vikanyagio. Anayeshusha mguu kujizuia huukanyaga kwa tairi lake la nyuma.

Ukishatoka, gusa breki kidogo kidogo kwa mita kadhaa zikauke.

Maji yakiingia kwenye mkanda

Injini inapanda mzunguko lakini kwadi haiendi. Acha kukamua: kila sekunde ya kuteleza inaukwangua mkanda. Fungua kizibo chini ya kasha, maji yatoke. Weka nyutro, kamua kwa kiasi mara chache ili puli ziyarushe maji yaliyobaki, zima, acha yachuruzike, rudia mpaka hayatoki. Kisha rudisha kizibo na uondoke taratibu kwa gia ya chini.

Injini ikizima majini

Usiguse stata. Hata mara moja. Huenda imezima kwa sababu ya waya tu, lakini hujui, na jaribio moja la kujua linaweza kugharimu konrodi.

Ivute mpaka pakavu. Fungua boksi la chujio. Likiwa kavu kabisa, huenda ni umeme: anza na plagi na fyuzi. Likiwa na maji, toa chujio, kausha boksi, kisha chomoa plagi ya injini. Kata mfumo wa kuwasha, au shikiza plagi kwenye chuma cha injini mbali na tundu, maana mvuke wa petroli utatoka. Zungusha injini kwa stata vipindi vifupi, uso wako ukiwa mbali, mpaka tundu litoe hewa tupu. Maji yaliyo kwenye ekzosi yatoe kwa kuinua mbele ya kwadi.

Angalia oili. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, kuna maji ndani. Usiwashe kabla ya kuimwaga. Weka mpya, dondoshea kijiko kimoja cha oili kwenye tundu la plagi, zungusha tena, rudisha plagi iliyokauka, washa. Baada ya dakika tano hadi kumi zima na angalia tena. Mara nyingi bado itakuwa na weupe. Mwaga, badilisha na chujio la oili, rudia mpaka ibaki safi. Oili ya bei nafuu yenye unene uleule inafaa kwa hizo za kusuuzia. Kama kwadi ililala majini, anza kazi hii siku hiyohiyo. Kutu kwenye beringi za krenki haisubiri wikendi.

Winchi

Hii ni mashine ya kujivuta kwa kamba ukikwama. Chagua yenye uwezo usiopungua mara moja na nusu ya uzito wa kwadi na mzigo wake, kisha ongeza kidogo, kwa sababu tope linanyonya. Acha kamba isiyopungua mizunguko mitano kwenye ngoma. Nguvu kamili ipo kwenye mzunguko wa ndani kabisa, kwa hiyo kamba ndefu iliyokunjuliwa huvuta vizuri kuliko fupi. Puli moja ya kukunjia kamba inazidisha nguvu karibu mara mbili, na mwendo unapungua nusu. Kwenye mti tumia mkanda mpana usichubue gome, na juu ya kamba iliyokaza tandika koti zito, ili ikikatika isiruke. Injini iwe hai, la sivyo betri inakwisha kabla hujatoka.

Jioni yake

Osha tope kabla halijakauka, bila kuelekeza maji ya msukumo kwenye sili na beringi. Redieta ipulizie kutoka upande wa injini kwenda nje. Ukiosha kutoka mbele unasukuma tope ndani ya mapezi. Piga grisi kwenye kila nipo (kichwa cha kuingizia grisi) mpaka ile chafu itoke yote. Legeza vizibo vya oili vya diferensho uone tone la kwanza: maji ni mazito kuliko oili na hukaa chini, kwa hiyo ndiyo hutangulia kutoka. Malizia na pedi za breki. Mchanga wa tope huzila haraka kuliko lami, na pedi iliyofika kwenye chuma huila diski nayo.