Skrini za Chomboni Zinapoacha Kuwasiliana: Jinsi ya Kuitafuta Hitilafu

Fundi wengi hukimbilia menyu ya mipangilio mara tu skrini ya pili ya mashua inapoacha kuonyesha kina cha maji au rada. Mimi huiacha menyu hadi mwisho, kwa kuwa hitilafu nyingi nilizokutana nazo zilikuwa kwenye kebo, plagi au umeme. Anza kazi chombo kikiwa kimefungwa gatini, ukiwa na multimita na kebo moja ya akiba unayojua kuwa ni nzima.

Hatua ya kwanza ni kuuliza ni kitu gani hasa kilichopotea. Tarakimu za kina, upepo na mwelekeo kwa kawaida hupita katika NMEA 2000, yaani mtandao wa vifaa vya mashua wenye kebo kuu moja na tawi kwa kila kifaa, wakati picha ya rada, ya sona na ramani zinazotumiwa na skrini zaidi ya moja hupita katika Etheneti, mtandao wa kebo kama ule wa kompyuta. Tarakimu zikiwapo na rada haipo, usiuguse mtandao wa kwanza.

Hatua ya pili, kama zilizopotea ni tarakimu, ni kupima ukinzani, na hapa ndipo inapofaa kukaa kwa muda. Zima umeme wa mtandao, chomoa kifaa kimoja kwenye tawi lake, kisha pima kati ya pini ya waya mweupe na ya waya wa bluu. Kila ncha ya kebo kuu inapaswa kuwa na kizibo (plagi ya mwisho yenye ukinzani ndani yake) cha omu 120, na kwa kuwa vizibo viwili vimeungwa sambamba, mita huonyesha takribani omu 60. Ukipata 120, kizibo kimoja hakipo au kebo kuu imekatika mahali fulani. Ukipata karibu 40, kuna kizibo cha tatu. Ukipata karibu sifuri, waya hizo mbili zinagusana. Niliwahi kupata 40 katika mashua ambayo vizibo vyake viwili nilikuwa nimeviona kwa macho yangu, nikahangaika nusu siku kabla ya kugundua kwamba kihisi cha upepo kilichokuwa juu ya mlingoti kilikuwa na kizibo ndani yake.

Hatua ya tatu, washa vifaa vyote na upime volti kati ya waya mwekundu na mweusi kwenye ncha iliyo mbali zaidi na mahali umeme unapoingilia. Vifaa vya mtandao huu vimekusudiwa kufanya kazi kati ya volti 9 na 16, lakini nikiona tofauti kubwa kati ya ncha hiyo na betri, hutafuta plagi zilizoota kutu ya kijani. Skrini inayozimika injini inapowashwa karibu daima inalalamikia umeme. Kagua pia kwamba hakuna tawi linalozidi mita 6.

Vipimo vikiwa sawa na hitilafu ikaendelea, gawa mtandao: fungua kebo kuu katikati, weka kizibo cha akiba hapo, uone ni nusu ipi inayofanya kazi, kisha ugawe tena ile yenye kasoro.

Kwa upande wa Etheneti, tazama kwanza taa ndogo za swichi, yaani kisanduku kinachounganisha kebo za mtandao huo. Taa isiyowaka ina maana kwamba kebo ni mbovu, plagi haijakaa sawasawa au kifaa cha upande wa pili hakina umeme. Badilisha kwa kebo ya akiba kabla ya kuwaza jambo jingine. Taa zikiwaka, fungua ukurasa wa mtandao kwenye kila skrini na ulinganishe anwani za IP, yaani namba zinazotambulisha kila kifaa mtandaoni. Moja ikiwa na anwani inayoanza na 169.254 na nyingine ikiwa katika kundi tofauti kabisa, haziwezi kuonana. Chanzo mara nyingi ni ruta ya intaneti iliyochomekwa kwenye swichi hiyohiyo ikaanza kugawa anwani zake. Ichomoe, kisha uzime na kuwasha skrini zote.

Sasa ndipo menyu inapokuwa na kazi. Hakikisha skrini zote zina toleo moja la programu, kwamba moja tu ndiyo iliyowekwa kuwa kuu pale mtengenezaji anapotaka hivyo, na kwamba kila skrini imechagua chanzo sahihi cha data. Chombo chenye vipokezi viwili vya GPS kinaweza kuonyesha mahali kwenye skrini moja na vistari vitupu kwenye nyingine kwa sababu tu ile ya pili bado inasubiri kipokezi kilichokwisha kung'olewa.