Jinsi ya kupata dizeli kutoka mafuta ya chipsi kwa katalisti ya maganda ya mayai

Wakuu, hapa Dar kila kona kuna chipsi mayai, maana yake mafuta yaliyochoka yapo na maganda yapo, ukiongeza methanoli (aina ya alkoholi) unapata baiodizeli, yaani dizeli ya mafuta ya kupikia. Wengi wanakwama sehemu moja, katalisti, yaani hayo maganda yaliyochomwa yanayoharakisha mafuta kugeuka dizeli, inakufa kabla haijaanza kazi.

Osha maganda, toa ule utando wa ndani, anika, saga. Weka gramu 100 kwenye tanuru la maabara nyuzi 900, masaa matatu hivi. Ganda karibu lote ni kalsiamu kaboneti, likiungua linatoa kaboni dayoksaidi inabaki kalsiamu oksaidi, kwa hiyo uzito lazima ushuke mpaka kwenye gramu 56 hivi. Ukikuta 75 bado halijaiva, rudisha.

Sasa hewa yetu ya pwani ina unyevu mwingi, na kalsiamu oksaidi inanyonya maji na kaboni dayoksaidi vibaya mno. Mi ya kwanza niliiacha kwenye sinia usiku kucha, asubuhi nikaitumia hivyohivyo, mafuta yakabaki mafuta, iliniuma sana. Ikitoka tanuruni ifungie kwenye chupa kavu inayobana, siku ya kutumia pima tena, ikiwa imeongezeka uzito ichome upya.

Mafuta chuja, pasha mpaka 110 maji yaishe, yapoe hadi 60. Lita moja inataka methanoli mililita 380 na katalisti gramu 40, masaa matatu. Methanoli ni sumu inapofusha na moto wake mchana hauonekani, fanyia maabara penye hewa, joto la umeme tu, kondensa (kifaa cha kupoza mvuke urudi chini) juu maana inachemka nyuzi 65.

Koroga kwa nguvu kwa sababu mafuta na methanoli havipatani. Ukiongeza spidi na dizeli ikaongezeka, ujue kinachokubana ni ukorogaji sio katalisti. Ikigoma kuongezeka, saga punje ziwe ndogo zaidi ulinganishe, dizeli ikipanda basi mafuta yalikuwa hayafiki ndani ya punje.

Ukitaka riakta ya bomba, yaani mafuta yanapita ndani ya bomba lenye katalisti, usijaze unga, presha itapanda, weka punje na kipenyo cha bomba kiwe angalau mara 10 ya punje, la sivyo mafuta yatapita pembeni ukutani bila kugusa kitu. Ukiona sabuni nyingi, mafuta yako yana asidi, tafuta ya muuzaji anayebadilisha mara kwa mara.