Bahasha ya kaki ibaki nyumbani, isipande treni na wewe

Juzi namsindikiza mama mdogo stesheni ya SGR hapa Dodoma, anakwenda hospitali ya Muhimbili, Dar, nikagundua karatasi zake zote zimo mkobani. Akizidiwa njiani, sisi wa nyumbani hatuna kitu mkononi. Kwa hiyo: toa kopi ya kitambulisho cha NIDA, kadi ya bima, cheti cha mwisho cha kliniki, pamoja na kipande cha boksi la kila dawa, kile chenye jina na miligramu. Tia kwenye bahasha, mwachie anayebaki. Juu yake andika nani apigiwe simu, na hati ya kiwanja na wosia halisi viko wapi (RITA, wakala wa serikali wa vizazi, vifo na mirathi, wanatunza wosia, wengi hatujui). Daktari akiuliza usiku wa manane, mtu anapiga picha, anatuma WhatsApp, basi.

Ila bahasha haitoi mamlaka. Benki haimpi mtu hela zako kwa kopi. Hapo inatakiwa hati ya uwakilishi, yaani karatasi inayomruhusu mtu kutenda kwa niaba yako, isainiwe mbele ya wakili kabla hujasafiri, nayo inakoma aliyeitoa akifariki. Baada ya hapo ni mahakamani kufungua mirathi. Na dawa zikibadilishwa, kata boksi upya.