SOMO: Usaili wa Sekretarieti ya Ajira, kuanzia tangazo hadi mahojiano (soma kabla ya kuniuliza)

Wakuu, salaam. Kila yakitoka majina ya kuitwa kwenye usaili wa Sekretarieti ya Ajira, ofisi inayosaili waombaji wa kazi za serikali ya Tanzania, simu yangu inajaa swali lilelile: "Mkuu, una maswali ya nyuma ya kada yangu?" Yaani maswali ya mitihani iliyopita ya aina ya kazi aliyoomba. Sina. Na hata ningekuwa nayo, yasingekusaidia kama unavyofikiri. Naandika hapa mara moja, atakayeuliza tena nitamtumia kiungo tu.

Hatua ya 1: Akaunti. Jisajili Ajira Portal (tovuti ya Sekretarieti ya kuombea kazi) kwa namba ya NIDA (kitambulisho cha taifa), jaza kila kipengele. Mkoa unaoishi uandike ule wa leo, si wa enzi za chuo, kwa sababu mchujo (mtihani wa kupunguza waombaji) mwingi siku hizi unafanyika mikoani na kituo unapangiwa kwa anwani hiyo.

Hatua ya 2: Tangazo. Mtihani unaanzia hapa. Watu wanakimbilia kusoma sifa na mshahara, wanaruka majukumu ya kazi. Hayo majukumu ndiyo silabasi yako.

Tuchukue Mtendaji wa Kijiji. Tangazo linakwambia ni Mtendaji Mkuu wa Serikali ya Kijiji, ni katibu wa mikutano na kamati za Halmashauri ya Kijiji, anasimamia utungaji wa sheria ndogo, na anawajibika kwa Mtendaji wa Kata. Kila mstari ugeuze uwe swali. Halmashauri ya Kijiji ina wajumbe wangapi? (Wasiopungua 15, wasiozidi 25.) Nani ni mjumbe wa Mkutano Mkuu wa Kijiji? Sheria ndogo ya kijiji ikishapendekezwa inapelekwa kwa nani kuidhinishwa? Yote yamo kwenye Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya), Sura ya 287. Ukimaliza mistari yote utakuwa na maswali mengi kuliko hayo mnayouziana kwenye magrupu ya WhatsApp, na majibu yake umeyatoa kwenye sheria yenyewe.

Kada nyingine ni hivyo hivyo. Wa ugavi asome Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2023. Bado kuna watu wanakariri ile ya 2011. Na kada yoyote ile, pitia Sheria ya Utumishi wa Umma, Sura ya 298, na Kanuni zake za 2022.

Hatua ya 3: Barua na wasifu. Barua iwe na saini, wadhamini wawe watatu na wawe wanapokea simu.

Hatua ya 4: Vyeti na majina. Hapa nendeni polepole, maana ndipo mimi mwenyewe niliporudishwa mlangoni. Toa vyeti vyako vyote leo, si wiki ya usaili. Vipange mezani: cha kuzaliwa, kidato cha nne, cha sita, chuo, na kitambulisho cha NIDA. Soma majina herufi kwa herufi. Mohamed na Mohamedi ni watu wawili. Cheti kimoja kina majina matatu na kingine mawili? Hiyo nayo ni tofauti. Jina la babu limeingia NIDA lakini shule hukulitumia? Tofauti.

Ukikuta tofauti, kinachotakiwa ni dipoli, yaani hati ya majina inayoandaliwa na wakili kisha ikasajiliwa kwa Msajili wa Hati. Angalieni sana: kiapo cha kawaida cha wakili au mahakamani SI dipoli. Kiapo kinasema tu kwamba majina haya mawili ni ya mtu mmoja. Dipoli inaacha jina moja na kushika jingine, na imesajiliwa. Msimamizi wa mlangoni hana mamlaka ya kukuonea huruma, kwa hiyo usiende kubishana naye. Kwa maoni yangu shika jina lililo kwenye vyeti vya shule, halafu rekebisha hayo mengine yalifuate. Na anza mapema, kwa sababu wakili na msajili hawaendi kwa ratiba ya usaili wako.

Bado tupo hatua hiyo hiyo. Kwenye maombi unapakia nakala zilizothibitishwa na wakili. Siku ya usaili unabeba vyeti HALISI. Hati ya matokeo ya kidato cha nne au cha sita haikubaliki, matokeo ya muda hayakubaliki. Uliyesoma nje ya nchi, vyeti vipitie NECTA (sekondari), NACTVET (vyuo vya kati) au TCU (vyuo vikuu) kulingana na ngazi. Kada zenye bodi ya kitaaluma, beba cheti cha usajili na leseni iliyo hai.

Hatua ya 5: Namba ya mtihani. Ipo kwenye akaunti yako. Inakili kabla ya siku yenyewe.

Hatua ya 6: Mchujo. Lengo lake ni kupunguza watu, si kupima kila unachojua. Soma swali lote kabla ya kujibu, hasa yale yenye neno "isipokuwa". Siku hizi unaweza kukuta mchujo ni wa kompyuta, kwa hiyo kama hujawahi kujibu mtihani kwenye skrini, fanya mazoezi.

Hatua ya 7: Vitendo. Si kada zote. Dereva ataendesha, mwandishi mwendesha ofisi atachapa. Hakuna cha kukariri.

Hatua ya 8: Mahojiano. Jopo linatoa alama kwa hoja. Ukiulizwa "utafanyaje wananchi wakigoma kuchangia ujenzi wa zahanati", usianze na historia ya kijiji chenu. Sema utaanza na nani, utaitisha kikao gani, utaandika taarifa kwa nani. Hoja ya kwanza, ya pili, ya tatu, nyamaza. Wengi wanafika pale na majibu mazuri wakayazamisha kwenye maneno.

MASWALI

kijana_wa_kata: Mkuu, shukrani kwa somo. Una maswali ya nyuma ya Afisa Maendeleo ya Jamii?

Jibu: Umesoma aya ya kwanza?

kijana_wa_kata: Samahani mkuu, nilishuka moja kwa moja kwenye hatua.

Jibu: Basi anza na ya 2.

mama_wawili: Kaka, mimi nina miaka 46, ni mtumishi halmashauri, nimemaliza shahada kazini. Tangazo linasema umri usizidi 45. Nipoteze muda kuomba?

Jibu: Hapana dada. Lisome tena ule mstari, unaendelea: isipokuwa kwa walioko kazini serikalini. Kwako wewe la kuangalia ni jingine. Kama umepata sifa za kuingilia kada tofauti na uliyonayo, unaruhusiwa kuomba, lakini barua yako ipite kwa mwajiri. Mtumishi aliye kwenye nafasi ya kuingilia (ngazi ya kuanzia kazi) anayetaka kuomba nafasi ileile ili ahame kituo, huyo haruhusiwi. Upo waraka wa 2010 na matangazo huwa yanautaja. Kwa hiyo kaonane na afisa utumishi wako mapema, barua isije ikalala mezani mpaka tarehe ya mwisho ikapita.

mzee_wa_vumbi: Mnadanganyana tu. Bila konekisheni hupati. Kuna jamaa anataka laki tano anaingiza jina.

Jibu: Mpe laki tano, kisha njoo utuambie jina limeingia wapi. Au piga 113, TAKUKURU, wale wa kupambana na rushwa, ni bure. Sitajibu tena kuhusu hili.

mzee_wa_vumbi: Punguza hasira mkuu.

takwimu_tupu: Mkuu, nilifika mahojiano, nikajiona nimefanya vizuri, ila majina ya kuitwa kazini yalipotoka sikuwemo. Wenzangu wanasema nipo kanzidata. Maana yake nini, na nikae nisubiri?

Jibu: Swali zuri hili. Tuseme nafasi zilikuwa tano na waliofaulu mahojiano ni wanane. Watano wanapangiwa vituo, watatu wanahifadhiwa kwenye kanzidata. Taasisi nyingine ikihitaji kada hiyo hiyo, wanaweza kuchukuliwa hao bila usaili mpya. Ndiyo maana tangazo la kuitwa kazini huandika kwamba majina yanajumuisha waliokuwa kanzidata. Kwa hiyo kila tangazo la namna hiyo likitoka litafute jina lako, hata kama si la usaili ulioufanya wewe. Ila usikae kusubiri, endelea kuomba. Na usibadilishe namba ya simu kienyeji.

takwimu_tupu: Kumbe! Nilikuwa naangalia matangazo ya taasisi niliyoomba tu.

Jibu: Rudi nyuma uyapitie yote yaliyotoka tangu ulipofanya mahojiano.

nuru_ya_asubuhi: Nyongeza kidogo wakuu. Wanaoitwa Dodoma, tangazo likisema UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma) angalieni ni ndaki ipi, yaani sehemu ipi ya chuo. Ndaki za pale zimeachana mbali, si za kutembea kwa mguu ukiwa umechelewa.

Jibu: Asante sana dada, hili nilipaswa kuliweka hatua ya 5. Bodaboda mwambie jina la ndaki. Ukisema "UDOM" tu atakushusha popote.

kijana_wa_kata: Na kutoka Dar, basi au treni?

Jibu: SGR, ile treni ya umeme, ukiwahi tiketi. Fika siku moja kabla. Na kitambulisho kiwe mfukoni, si kwenye begi.